Shavu la Jogoo na Shavu la Kampu

Rafique kinyozi alipofika Palma, huku kwetu kaskazini mwa Msumbiji, alikuwa na ndoo, kigoda, na chupa ya mafuta ya nazi iliyojaa nyembe. Wenzake waliokimbia Mucojo walikuja na magodoro na mbuzi, mmoja alikuja na mlango wa nyumba yake kichwani, na mpaka leo anautafutia nyumba. Yeye alikuja na nyembe. Alizitia kwenye mafuta kwa kuwa hewa ya huku pwani inakula chuma. Ukisahau wembe dirishani, baada ya siku chache unaokota kutu iliyokaa umbo la wembe. Akaniomba kivuli cha baraza yangu karibu na soko, pale ninapopikia vitumbua.

"Kaa," nikamwambia, "lakini nywele zisiniingilie kwenye unga."

"Nywele zangu zina adabu, Bibi."

"Za wateja wako je?"

"Hizo nitazifundisha."

Nikaona huyu tutapatana.

Ni mtu mwembamba, mwenye sauti ya kumbembeleza mtoto alale, maana kazi yake ni kuwashika watu shingo. Alifundishwa na mjomba wake, ambaye alimwachia ile mashine ya mkono ya chuma, ya kushikia wembe wa pande mbili, nzito mpaka ukiiangusha nchi inatikisika. Kule Mucojo alinyoa watoto siku ya saba, alinyoa vijana waliotoka jandoni, alinyoa maharusi, na alimnyoa sharifu mmoja ambaye, wallahi, ndevu zake zilikuwa zikiingia kibandani asubuhi, mwenyewe akifika adhuhuri. Vichwa vya mji ule alivijua kwa vidole. Nani ana kovu la kuanguka mnazini, nani kisogo bapa, nani utosi wake una bonde la kuwekea yai.

Ndiyo maana siku watu wa porini, hao waasi wenye ndevu na mapanga, walipopita Mucojo na kuondoka, wazee waliobaki walimwita yeye. Miili ilikuwepo, na vichwa vilikuwepo, na hawakujua kipi kiende na upi. Rafique alipita na ndoo ya maji, akiosha na kupapasa. Huyu ni fulani. Huyu ni fulani. Baba yake Fauzi, na huyo Fauzi nitamfikia, Rafique alimjua kwa kidevu, kwa kuwa alikuwa amemnyoa Ijumaa ile ile. Hilo nalisema mara moja na silirudii. Mtaani wananijua kwa uongo, na wanakuja kuununua pamoja na vitumbua, lakini hapo sikutia chumvi hata punje. Natamani ningekuwa nimelitunga.

Sasa nyembe. Mimi sikusoma, kwa hiyo nazijua kwa karatasi zake. Rafique alikuwa nazo za namna tatu.

Ya kwanza Jogoo, karatasi nyekundu, ina picha ya jogoo aliyepanua mdomo. Hii inauzwa kila genge, na nadhani huyo jogoo amepanua mdomo kwa maumivu. Haikati ndevu, inazing'oa kwa maneno makali. Mzee mmoja wa kisiwa cha Rongui alinyolewa kwa Jogoo akalia mpaka maji ya ndoo yakawa ya chumvi, Rafique akaenda kuteka mengine.

Ya pili Mwezi, karatasi ya buluu. Hiyo ni kama bwana harusi. Kidevu cha kwanza inapita kwa upole na mahaba, kidevu cha pili inachoka, cha tatu inaanza kugombana na mtu.

Ya tatu haikuwa na picha. Karatasi nyeupe, maandishi madogo. Tuliiita Kampu, yaani kambi, kwa sababu ilitoka ndani ya uzio wa Afungi, kule wanakojenga mambo yao ya gesi. Aliileta Zacarias, Mmakonde wa kutoka Mueda, mpishi wa kampu. Wageni wakimaliza mkataba na kurudi kwao humwachia vitu vyao vidogo vidogo, na yeye siku yake ya mapumziko huja kwa Rafique kunyolewa na kwangu kula. Jamani, Kampu! Nzi alitua juu yake, akaruka akaenda zake, miguu ikabaki. Siku moja Rafique alimnyoa mtu jua likiwa mgongoni mwao, na kivuli cha yule mtu ukutani kikamaliza kunyolewa kabla ya mwenyewe.

"Bibi," Zacarias aliniambia siku hiyo, povu masikioni, "wewe ukienda kuungama kwa padri wetu atahitaji likizo."

"Mimi nitaungama nini? Wanaokula panya ndio waungame."

"Panya ni mtamu, Vovó. Ninyi watu wa pwani mnakula pweza, mnyama asiye na shingo, halafu mnatucheka."

Rafique hakuwa na mambo hayo ya nzi. Yeye alizipima kwa sikio. Alinyoa vinyweleo vya mkono wake mwenyewe, juu ya kifundo, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza ukutani. Kampu ilisema sss, kama mvua kwenye mchanga. Jogoo ilisema krr, krr, kama kuku anayechakura. Jogoo aliipikicha kwanza kwenye kiganja, huku na huku, ili iache ubishi, akalainisha ndevu kwa maji moto na sabuni mpaka mteja asinzie. Mkono wake wa kushoto ulikuwa hauna unyweleo hata mmoja, kama mkono wa maiti aliyeoshwa. Alisema mwenyewe hivyo.

Huyo Fauzi niliyemtaja alikuwa mvuvi kule Mucojo. Alikuja Palma na mama yake, Awa, na kitoto chake cha kike, Laila, aliyekuwa ameanza tu kusema maneno. Mkewe homa ilimchukua njiani. Alikuja pia na ndevu. Toka siku waliyomzika baba yake hakuweza kuvumilia chuma karibu na shingo. Hata kisu cha kuparia samaki alimpa mama yake. Ndevu zikaota, zikajaa, zikashuka kifuani, na mtu akimwona kwa mbali anajua moyoni atadhaniwa nini.

Maana siku hizi huku kwetu kidevu ni bilyete, ndicho kitambulisho. Njia ya kwenda Afungi ina kizuizi, na askari wa pale wanatoka mbali, wanaogopa, na mtu anayeogopa anatazama anachokiona. Mwenye ndevu ndefu wanamweka kando, wanasema huyu ametoka porini. Mwenye kidevu kipya, cheupe kuliko mashavu, wanamweka kando vilevile, wanasema huyu alikuwa nazo jana. Niliwahi kusema basi wanataka tuzae watoto wasio na videvu kabisa, waishie kwenye pua. Watu walicheka. Wanaowekwa kando wengine wanarudi, wengine hawarudi, na hapo kicheko kinakauka.

Zacarias ndiye aliyemtafutia Fauzi kazi ya kuosha vyombo jikoni mwa kampu. Mkubwa wake alisema aje Jumatatu ajionyeshe. Awa akamshika mwanawe mkono kama mtoto, akamleta barazani kwangu.

"Rafique, mwanangu," akasema, "mpitishe pale."

Hakusema mnyoe. Alisema mpitishe. Sote tulielewa: akipita kizuizini na sura yake, nyumba ile itakula. Asipopita, Awa atakuwa amebakiwa na mjukuu na kanga mbili.

Rafique alikizunguka kile kichwa kama mtu anayenunua ng'ombe. Ilikuwa Ijumaa baada ya sala. Akakata zile ndevu kwa mkasi, ufupi wa punje ya mchele, akamwambia Fauzi akae juani bila kofia leo, kesho na keshokutwa, ajipake mafuta, jua lipite chini lipike ngozi.

"Halafu Jumatatu utamnyoa kwa Kampu," nikasema. "Atoke kama yai."

"Hapana, Bibi. Yai ndilo watakalolikamata."

"Sasa kwa Mwezi?"

"Kwa Jogoo."

Zacarias alikuwepo, akaacha kutafuna. "Rafique, umwekee mtu Jogoo siku anayokwenda kuonana na mkubwa? Afike anavuja?"

"Tazama videvu vya sokoni hapa," Rafique akasema. "Mvuvi anayejinyoa kila wiki ananyoa kwa nini? Kwa Jogoo. Ana vipele huku, mikwaruzo huku, kovu la juzi na la mwaka jana. Kidevu cha maskini kina historia. Nikimpa Kampu, nitampa uso wa mtu ambaye hajawahi kunyolewa, au mtu wa ndani ya uzio. Yeye si huyu wala yule. Nampa Jogoo, anakuwa kama sisi."

Niseme kweli, niliona amesema jambo. Zacarias naye aliguna tu akarudi kwenye kitumbua.

Jumatatu alfajiri imetoka, Fauzi akakaa kigodani. Povu lilipopakwa alikuwa mtulivu. Chuma kilipogusa taya akaanza kutetemeka, kwanza magoti, kisha mabega, kigoda kikawa kinagonga sakafu tak-tak-tak. Rafique akaondoa mkono akasubiri. Akarudisha. Tak-tak-tak.

"Bibi," akaniambia bila kunitazama, "mwambie kitu."

Nikamwambia Fauzi habari ya papa wa Vamizi aliyekuwa na ndevu. Nikamwambia papa yule alikuwa akija ufukweni kila Alhamisi jioni kutaka kunyolewa kwa ajili ya Ijumaa, na mjomba wake Rafique alimnyoa akiwa ndani ya maji mpaka kiunoni, na malipo yake papa alikuwa anamwonyesha changu walipolala. Ikaja siku mjomba akakosea akamkata kidogo. Papa akamtazama. Mjomba akamtazama. Papa akasema, "Na mimi nikikukata kidogo utasemaje?"

Fauzi akacheka. Kicheko kimoja kifupi, cha puani. Na katika kicheko hicho Rafique akapitisha Jogoo shingoni kwa mkupuo mmoja, krrr, ikaisha. Chini ya taya ilibaki mikwaruzo minne sambamba na tone la damu. Akamsugua kwa jiwe la shabu, damu ikakauka. Awa alimtazama mwanawe, na nilijua anamwona marehemu mumewe, kwa sababu kidevu kilikuwa kile kile. Laila alimkimbia. Hakumjua. Akajificha nyuma ya kanga ya bibi yake mpaka baba yake alipopanda pikipiki akaondoka.

Kilichotokea kizuizini tulikuja kukijua vipande vipande, lakini nakieleza kwa mpango wake.

Askari wa pale wamejifunza maneno yetu machache, mama, baba, njoo, kaa, na wanayachanganya na Kireno kama mchele na mchanga. Fauzi Kireno chake ni cha sokoni. Samaki, ngapi, kesho, kata. Aliposhuka kwenye pikipiki askari alimtazama uso akaridhika. Rafique hakukosea: ngozi ilikuwa imeungua vizuri, vipele vilikuwepo. Akamrudishia bilyete. Kisha akaona mikwaruzo chini ya taya, na damu ambayo jasho lilikuwa limeifungua tena. Akauliza, labda kwa mazoea tu, labda hata kwa huruma:

"Quem te cortou a barba?"

Nani amekukata ndevu? Ndevu kwa Kireno ni barba. Sisi huku ulimi wetu haushiki ile ra katikati, na sikio letu haliisikii. Fauzi alisikia baba. Alisikia askari amechanganya lugha kama kawaida yao: nani alimkata baba yako?

Na hapa ndipo ninaposhindwa kula nikikumbuka. Hakuna mtu wa serikali, wala wa misaada, wala wa msikiti, aliyewahi kumwuliza Fauzi swali lile. Walimwuliza mko wangapi, mmetoka wapi, mna mahema mangapi. Leo mtu mwenye bunduki na sare anamwuliza, nani alimkata baba. Macho yakamjaa maji. Alisema baadaye kwamba alifikiri, mwishowe wameanza kuulizia.

Akajibu: "Homens do mato." Watu wa porini.

Askari akainua bunduki kidogo. "Onde?" Wapi?

"Mucojo."

"Unawajua?"

"Sim," Fauzi akasema. Ndiyo. "Mmoja namjua." Na akataja jina, jina la kijana aliyesoma naye chuo cha Kurani, waliyegawana naye ubao mmoja.

Basi. Mtu aliyenyolewa na watu wa porini, huko Mucojo, na kinyozi wake anamjua kwa jina. Wakamlaza kifudifudi mchangani.

Zacarias alisubiri getini kwa kampu mpaka akaambiwa na dereva wa pikipiki kwamba mtu wake amelazwa chini kizuizini. Alipofika pale gari la askari lilikuwa limeshamchukua kwenda kambini kwao. Akaja mjini mbio, akaingia barazani kwangu amelowa jasho, hajakaa hata kunywa maji, na gari lile lile likasimama nyuma yake. Askari wakashuka. Mkubwa wao alikuwa mtu mzima mwenye miwani, amechoka. Fauzi alikuwa nyuma ya gari, mikono imefungwa, na mdomo umevimba upande mmoja. Mikono ikiwa imefungwa, alionyesha kwa kidevu. Alimwonyesha Rafique. Alikuwa ameshaelewa wanauliza nini, akawaambia kinyozi wake ni yule wa baraza ya vitumbua, na wao wakasikia: mtu wa porini ni yule wa baraza ya vitumbua.

Watu wa soko waliyeyuka. Nilibaki mimi, Rafique, Zacarias, na mafuta yangu yanayochemka.

Zacarias alizungumza nao Kireno, mikono juu. Askari wa kizuizini akasimulia alivyouliza na alivyojibiwa, neno kwa neno. Zacarias akatugeuzia kwa Kiswahili, na alipofika kwenye "barba" Rafique akajishika mdomo.

"Barba," akasema. "Zacarias, amesikia baba. Waambie. Baba yake ndiye aliyekatwa. Mimi nilimzika. Waambie barba nimeikata mimi, hapa, asubuhi, kwenye kigoda hiki."

Zacarias akawaambia. Mkubwa akasikiliza mpaka mwisho, sikatai, alisikiliza. Kisha akaenda garini, akamshika Fauzi nywele, akakiinua kidevu juani, akakitazama karibu. Akarudi akasema maneno machache, na Zacarias akakawia kuyafasiri.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema yeye ananyolewa na vinyozi toka ujana wake. Anasema kinyozi mwenye kiti sokoni hanyoi hivi. Hii ni kazi ya mtu aliyenyolewa porini, upesi upesi, kwa kisu au kipande cha bati. Anasema kama Rafique ni kinyozi, basi si yeye aliyenyoa. Na kama ni yeye aliyenyoa, si kinyozi."

Rafique alikaa chini. Mkono ule uliochagua Jogoo kwa akili ulikuwa umelala mapajani kama samaki. Zacarias ndiye aliyevuta kigoda. Akakikalia, akafungua shati, akarudisha kichwa nyuma, koo lote nje.

"Ninyoe," akasema. "Upande mmoja Kampu, upande mmoja Jogoo. Aone mwenyewe."

"Zacarias, mkono wangu unatetemeka."

"Wa Jogoo utetemeke, ndiyo vizuri. Wa Kampu jitahidi." Kisha akamwambia mkubwa kwa Kireno, na baadaye alinieleza alichosema: Mimi Mmakonde, Mkristo, kaka yangu aliuawa na watu wa porini njia ya Nangade. Kama huyu ni mtu wao, koo langu hili hapa na wembe wake ule pale, na ninyi mnatazama.

Askari wakamwelekezea Rafique bunduki. Hakuna maji moto, hakuna kusubiri sabuni ikolee. Alichukua Kampu kutoka kwenye chupa, mafuta yakimchirizika mpaka kiwiko, akanyoa shavu la kushoto na nusu ya shingo. Sss. Akafungua mashine, akaitoa Kampu, akatia Jogoo, na kuifunga tu ile mashine kulimchukua muda, vidole vinateleza. Akanyoa shavu la kulia. Krr, krr. Zacarias alikunja ngumi, machozi yakamtoka kwenye jicho la upande ule tu. Mikwaruzo ikajitokeza chini ya taya, minne, mitano, sambamba, damu ikafuata.

Mkubwa akavua miwani. Akamtazama Zacarias kushoto, akamtazama kulia. Akaenda garini akamtazama Fauzi. Akarudi. Akachukua karatasi ya Jogoo iliyokuwa imeanguka sakafuni, akaigeuza akaitazama ile picha nyuma na mbele, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea.

Nikasema kimoyomoyo, tumepona. Nilishaanza hata kuchagua kitumbua cha kumpa.

Akamwambia Zacarias: "Kinyozi ni kinyozi. Naamini." Na bunduki zikashuka. Kisha akaonyesha gari. "Lakini yule alisema anamjua mmoja kwa jina. Hilo si la ndevu."

"Anamjua kwa sababu ndiye aliyemwua baba yake!" Rafique akasema, na Zacarias akafasiri.

"Ndiyo," mkubwa akasema. "Ndiye ninayemtaka huyo. Na mtu anayemjua ndiye atakayenieleza."

Wakaondoka na Fauzi. Hakulia, alikuwa anatutazama tu, kidevu chake kimekaa juani. Awa alifika na mtoto mgongoni wakati vumbi linashuka. Alituuliza, "Amepita?" Maana aliona gari linaelekea njia ya Afungi, akafikiri wanampeleka kazini.

Nilimshika mkono nikamkalisha kwenye kile kigoda.

Ule msimu wa mvua ulipita, Fauzi hayupo. Zacarias alikwenda kuuliza mara nyingi, akiwa na shavu lake la Jogoo lililobaki na alama mpaka leo. Jibu lilikuwa moja: bado wanachunguza. Rafique aliendelea kunyoa. Ila kila mtu wa Mucojo aliyekaa kwenye kigoda chake, kabla hajapakwa povu, alifundishwa neno. "Sema barba." "Baba." "Tikisa ulimi. Barrrba." "Barraba." Wazee wasio na meno, vijana wenye povu mpaka machoni, wote wanatikisa ndimi kama mbuzi, na mimi niliyezoea kucheka vitu hivi sikucheka. Awa naye alikuja kufundishwa. Alikaa pale kama mwanafunzi akalishika sawasawa, akaenda mwenyewe mpaka lango la askari, akasimama juani siku baada ya siku akiwaambia: mwanangu aliulizwa barba, akajibu baba. Walimzoea. Mmoja alimpa maji.

Walimrudisha siku moja ya soko. Gari lilimshusha kwenye njia panda likaondoka, hakuna maelezo. Alikuwa hai. Miguu yake ni mizima. Mkono wa kushoto hauinuki vizuri, na alikuwa na ndevu tena, chafu, zimeshikana. Jina alilolitaja walilimaliza kuliuliza kwa namna zote wanazozijua, na yeye hakuwa na zaidi ya lile jina.

Rafique alimkalisha barazani kwangu. Alitoa Kampu, ya mwisho aliyobaki nayo, akapasha moto maji, akapaka povu taratibu. Fauzi safari hii hakutetemeka hata kidogo, na hilo lilinitisha kuliko kigoda kilivyogonga sakafu siku ile. Nilianza kumpa uongo wangu mmoja, akanitazama kwa heshima, nikarudi kwenye vitumbua vyangu.

Laila alikuwa amekua. Bibi yake alikuwa amemfundisha kila siku, baba yako anakuja, baba yako atarudi, ili safari hii asimkimbie. Alisimama mlangoni, akajipa moyo, akaita kwa sauti yake yote:

"Baba!"

Fauzi akaruka kama aliyesikia barba. Mkono wake ulio mzima ukapanda kwenye kidevu kukificha, ukakutana na wembe njiani. Kampu haiumi, ndiyo sifa yake. Alitazama vidole vyake vikitoka damu kama vile ni vya mtu mwingine, na mkono mwingine, ule mbovu, bado unajaribu kuinuka ufunike ndevu.

Rafique alimfunga vidole kwa kitambaa. Toka siku ile anamkata kwa mkasi tu, na kabla hajaanza hutoka nje kwanza kuangalia mtoto yuko wapi. Awa amembadilishia Laila neno. Sasa anamwita babake "Fauzi", kama jirani, na yeye anaitika.